Jiko Jipya la Faraji

Kibaha, 27 Januari 2025

Mama Yahya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wenzangu jikoni wazima, na wanafunzi wa bweni ndiyo usiseme, wanakula kama nzige. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Nakuandikia kwa sababu ukitaka mtandao huko Maneromango mpaka uende uwanja wa mpira, na pale uwanjani kijiji kizima kinatega masikio. Juzi nilikuuliza kwenye simu kifua chako kinaendeleaje, kesho yake Hemedi dereva ananipa pole, kasikia kwa muuza duka. Bora barua, bahasha haina spika.

Nina mambo mawili. La kwanza, mwezi huu usimpakie Hemedi mkaa wa shule. Stoo bado imejaa. Kenta yake aipakie mihogo ya watu wengine, asikusubiri.

La pili linanipa shida kulisema. Nimepewa jiko jipya. Sikulitaka mimi, mkuu ndiye aliyeamua, tena kwa haraka, nikaja kushtukia limeshaletwa kutoka Dar. Siku za mwanzo nililiogopa, sikuthubutu hata kuligusa. Sasa nimelizoea, siwezi kukudanganya. Najua litakuuma, Hajira, maana wewe ndiye uliyenifikisha hapa na jasho lako nalijua. Ndiyo maana sikutaka ulisikie kwa watu. Hemedi keshaliona, lakini nimemkataza asiseme. Mengine nitakueleza kwa mdomo nikija.

Wako,
Faraji


Maneromango, 2 Februari 2025

Baba Yahya,

Barua yako imefika. Watoto wazima.

Mkaa sipakii, kama ulivyosema. Na hilo la pili nimelisikia. Nilimuuliza Hemedi, akainamisha kichwa akasema, "Shemeji, mimi simo, muulize mwenyewe." Kwa hiyo ni kweli.

Sheria imekuruhusu, na mimi ni nani nipingane na sheria? Nilichotaka ni kuambiwa kabla, si baada. Miaka yote hii nimechoma, nimebeba, nimepakia, kumbe siku zangu zilikuwa zinahesabiwa. Haya. Likutunze.

Hajira


Kibaha, 7 Februari 2025

Mama Yahya wangu,

Ungejua furaha niliyoipata! Nilifungua bahasha nikijua leo natukanwa mimi na ukoo wangu. Kumbe mwenzangu umeelewa. Ni kweli kabisa ulivyosema, ni sheria, wala si mimi. Umenitua gunia la lumbesa kichwani.

Sasa naweza kukueleza bila woga. Hapa Kibaha wenzetu wengi wameshafuata siku nyingi. Wengine wana mawili, wengine matatu, ni mimi niliyekuwa nimebaki nyuma nachekwa. Mwalimu Kasiani, mkuu wetu, anasema kwa watoto wengi hivi moja halitoshi, na Mungu akijalia, mwaka huu yatafika manne. Manne ndiyo mwisho, zaidi ya hapo hakuna pa kuyaweka.

Kwa kweli limenipunguzia adha. Zamani nilikuwa naamka saa tisa usiku, sasa nalala mpaka alfajiri. Halina kelele, na kila nikiligusa linaitika. Dada yangu Raudha kaja kuliona, kalisifu mpaka nikaona haya.

Sikukuu ya Idi nataka uje ulione kwa macho yako. Nitakufundisha namna ya kwenda nalo, usiogope. Najua mtapatana.

Wako mwenye furaha,
Faraji


Maneromango, 12 Februari 2025

Wifi Raudha,

Salamu sikuandikii kwa sababu sina. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nakuita wifi, nakufungia korosho kila Hemedi akija Kibaha, kumbe wewe umeshakwenda kumwona mke mwenzangu, ukamsifu mpaka kaka yako akaona haya.

Usijitie hujui. Faraji kaniandikia kwa mkono wake kwamba kapata jiko. Jiko jipya, tena la kutoka Dar. Ati mkuu wake ndiye aliyemletea. Tangu lini walimu wakawa washenga? Na hajatosheka, anasema Mungu akijalia yatafika manne. Manne, Raudha! Kwa mshahara upi? Ananiambia watoto ni wengi, moja halitoshi. Watoto gani hao, kama si wa huko huko Kibaha aliokuwa ananificha? Halafu nije Idi anifundishe kwenda nalo, maana tutapatana. Toba! Mwanamume akishiba ugali wa bure anaota pembe.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata yeye hakijui. Mimi sichomi mkaa tena. Mwaka mzima sasa, tangu kijiji kilipoufunga msitu wetu ili upumzike. Mkaa ninaopeleka shuleni nanunua kwa wachuuzi wanaoutoa huko mbali. Nalipia kibali, nalipia kenta, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei ya mafuta ikitangazwa, Hemedi naye ananipandishia. Ukifika shuleni bei ni ile ile tuliyokubaliana zamani. Sipati kitu, wifi. Nimeuza hata mbuzi wa Yahya kuziba pengo, mtoto kanuna mwezi mzima.

Utaniuliza, sasa kwa nini usiache? Kwa sababu Faraji ndiye aliyenisemea kwa mkuu mpaka nikapewa ile kazi. Niliogopa nikiacha ataaibika, watasema kaleta mke mbabaishaji. Kifua hiki kinachokohoa, kimekohoa kwa ajili ya heshima yake. Naye anavuta jiko.

Nguo zangu nimezifunga kwa kamba ya katani, furushi liko mlangoni. Hemedi akirudi Ijumaa ananipeleka na watoto kwa mama yangu Mzenga. Mama nimeshampigia simu, nimelia pale uwanjani mbele za watu bila haya. Mwambie kaka yako talaka yangu ailete kwa maandishi, maana naona anapenda kuandika.

Hajira


Kibaha, 13 Februari 2025

Wifi yangu weee,

Fungua hilo furushi la nguo kwanza, ndiyo usome.

Umefungua? Haya. Nimekupigia simu tangu asubuhi hupatikani, bila shaka umejifungia ndani kwa hasira. Hemedi ananingoja na kenta inaunguruma, nimemwapiza asisimame hata kununua maji mpaka akukabidhi hii mkononi.

Hajira, mume wako ni nani? Ni mpishi. Mpishi wa shule! Jiko alilopewa ni jiko. La kupikia! La gesi! Nilikuwa nakoroga uji wa wateja wangu pale getini nikisoma barua yako, nimecheka mpaka mwiko ukaniponyoka ukazama sufuriani. Huyo mke mwenzako nimemwona kwa macho yangu: wa chuma mtupu, ana miguu minne, tumbo kama pipa, shingo hana. Ukimsukuma hasogei. Nilimsifu kwa sababu anachemsha maharage ya wanafunzi mia sita na moshi huuoni. Hao mia sita ndio "watoto wengi". Na hayo manne ni majiko ambayo Mwalimu Kasiani anayaombea fungu la fedha: moja la wali, moja la mboga, mengine sijui ya nini.

Na sheria je? Serikali imeagiza mashule na kila panapopikiwa watu wengi waache kuni na mkaa. Hiyo ndiyo sheria aliyokuwa nayo yeye moyoni. Wewe ukamwandikia "sheria imekuruhusu", akaruka kwa furaha, akaja hadi kibandani kwangu kunionyesha: "Umeona mke wangu alivyo na akili?" Mngefikishana kwa kadhi nyie wawili, mmoja analilia ndoa, mwenzake anajitetea kwa maharage.

Nimecheka, kisha machozi ya kweli yakanitoka. Maana stoo haijajaa, wifi. Ni tupu, wameshaifagia, wanaweka unga. Mkaa wako hautakiwi tena na ndilo jambo linalomshinda kukuambia. Siku lile jiko lilipofungwa alikuja kwangu jioni, uji hakuugusa. Akasema, "Raudha, mke wangu kazi yake nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nitamtazamaje?" Ndiyo maana anaandika kwa mafumbo kama mganga. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hiki kilio kilikuwa tayari kinapanda kenta kesho kwenda Mzenga.

Sijamwambia lolote, wala habari ya mkaa wa kununua. Hayo ni yako, mwandikie mwenyewe. Na korosho ziendelee kuja, sina kosa mimi.

Wifi yako,
Raudha


Maneromango, 16 Februari 2025

Baba Yahya,

Kaa chini. Kama umesimama karibu na huyo mke mwenzangu, mzime kwanza.

Mimi nilidhani umeoa. Ndiyo, umesoma sawasawa. "Nimepewa jiko jipya, nimelizoea, yatafika manne." Soma mwenyewe maneno yako kwa sauti, halafu umwite mwanamume yeyote hapo jikoni umuulize ameelewa nini. Nguo nilishafunga. Mama yangu alishanifagilia chumba. Raudha ndiye aliyeniokoa, na nilikuwa nimemtukana vizuri tu.

Nilipomaliza kusoma barua yake nilikaa chini palepale mlangoni, juu ya furushi langu, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja hadi watoto wakaogopa. Alhamdulillahi, Faraji. Nakuandikia wazi, sioni haya: nilikuwa nakufa kwa wivu. Nisamehe ile barua ya baridi. Nawe nakusamehe hayo mafumbo yako, ila ukirudia nitakuchapa na mwiko wako mwenyewe.

Sasa sikiliza na mimi nilichokuficha. Huo mkaa unaoogopa kwamba umenikatia, mimi si wa kuulilia. Msitu umefungwa mwaka mzima, nilikuwa nanunua kwa watu na kukuletea kwa hasara ili wewe usionekane mbaya kwa mkuu wako. Yule mbuzi wa Yahya niliyekwambia amekufa, hakufa, nilimuuza. Kila mwezi nikisikia honi ya Hemedi, naanza kuhesabu kilichobaki cha kuuza. Uliponiambia nisipakie, kabla sijafika kwenye habari ya jiko, nilishusha pumzi, wallahi, nikasema Mungu kanionea huruma. Kumbe wewe huko hulali kwa kuniharibia, na mimi huku silali kwa kukusitiri!

Kwa hiyo mkaa basi. Ila nina swali, na usinijibu kama mtoto. Bei ya mkaa mimi najua inapandia wapi: mvua, kibali, barabara, mafuta ya kenta. Nikiangalia mawingu naweza kukwambia mwezi ujao gunia litakuwaje. Hiyo gesi inapandia wapi? Watu wanasema hapa nchini tuna gesi yetu inapita chini ya ardhi kutoka Mtwara. Ndiyo hiyo mnayopikia? Maana isijekuwa kesho imepanda, mkuu anakutuma uje unibembeleze mkaa, na mimi nimeshauzoea usingizi.

Wako peke yako, na nasisitiza peke yako,
Hajira


Kibaha, 20 Februari 2025

Hajira, mke wangu mmoja,

Barua yako nimeisomea nyuma ya stoo, maana machozi na mpishi wa zamu havipendezi. Kuoa! Mimi! Hata huyu mmoja simwezi.

Hiyo maana nyingine ya jiko haikunijia kabisa. Mimi jiko nalitaja mara mia kwa siku, jiko limezimika, jiko limewaka, jiko lifagieni. Onesmo mtunza stoo nilimsimulia maneno ya ile barua yangu ya kwanza, akaniuliza, "Na mahari ulitoa kiasi gani?" Jikoni kote sasa wananiita Bwana Harusi.

Mkaa wa kununua, Hajira! Kwa hasara! Nikifikiria nilivyokuwa nikijisifu kwa mkuu, "Mke wangu bei yake haipandi," natamani kujificha ndani ya pipa. Kumbe bei ilikuwa inapanda kifuani mwako. Basi tumshukuru Mungu kwamba serikali iliamua kabla wewe hujaisha. Usinifiche tena, na mimi sitakuficha. Na Yahya atapata mbuzi wake, mwambie baba kasema.

Swali lako nimelipeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Kasiani. Alinitazama akacheka, akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi yeye. Gesi ya mitungi tunayopikia haitoki Mtwara. Inakuja kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo wewe ulikuwa unatazama mawingu ya huko kwenu Kisarawe, sisi inabidi tutazame mawingu ya dunia nzima. Wakigombana huko, au dola ikipanda, sufuria ya maharage ya Kibaha inajua. Ile ya Mtwara inapita kwenye bomba kwenda kufua umeme na viwandani, na kuna magari Dar yanatembelea hiyo hiyo. Kufika kwetu mpaka bomba lilazwe hadi hapa, na bomba ni gharama kubwa, hawalazi kwa ajili ya maharage peke yake.

Onesmo akadakia: basi tupikie umeme, bwawa la Rufiji ni letu, maji ni yetu, hakuna meli. Mkuu akamjibu, na siku umeme ukikatika wanafunzi wana mtihani, wale chaki? Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwisho wamekubaliana lile jiko la pili lisiwe la gesi, liwe jungu kubwa la umeme. Gesi ikipanda tunaegemea umeme, umeme ukikatika tunarudi kwenye gesi. Kuni hatugusi tena. Nikamwambia mkuu hivyo ndivyo mke wangu angefanya, maana yeye hapandi muhogo shamba zima bila kuacha tuta la viazi.

Akaniuliza, "Huyo mkeo ana muhogo?" Hajira, sikuchelewa. Wanafunzi asubuhi wanakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, na anayeleta sasa hivi analeta mibovu. Mkuu anataka muhogo wa Kisarawe kila wiki, kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Nimesisitiza iandikwe hivyo: bei ya siku hiyo. Na safari hii sikukusemea kama mke wangu. Nilisema ni mkulima anayejitegemea, ukitaka muhogo wake mwandikie mwenyewe. Barua yake imo humu humu ndani. Ukipenda mjibu, ukikataa mimi siaibiki.

Idi nakuja mimi huko. Na nakuja na jiko. Nakuandikia mapema, kwa herufi kubwa: JIKO LA KUPIKIA, dogo, na mtungi wake.

Bwana Harusi wako,
Faraji


Maneromango, 4 Aprili 2025

Wifi yangu Raudha,

Idi yako ilikuwaje? Yetu sitaisahau, nami nakuandikia habari ikiwa bado ya moto.

Unakumbuka nilivyolia kwenye simu pale uwanjani? Kijiji kilisikia chote, na kijiji hakina kawaida ya kusikia kanusho. Nilijaribu kuwaeleza. Wakawa wananipapasa bega: "Pole mwaya, ndiyo maneno ya mwanamke mwenye subira." Bibi Biubwa, jirani yangu aliyewahi kuishi na wake wenza wawili, alinijia siku tatu mfululizo kunifunda. Nimpokee kwa uso mkunjufu, chumba nimpe kizuri, chumvi nisimnyime. Nikawa naitikia tu, "Ndiyo, bibi."

Sikukuu mosi, baada ya swala, kenta ya Hemedi ikaingia na honi. Huyo mjinga akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Jiko la Faraji limefika!" Wanawake wakatoka kila mlango, vigelegele, wengine kwa furaha na wengine kwa umbea. Bibi Biubwa kavaa kanga mpya, kashika udi. Kaka yako akashuka na kanzu yake, akazunguka nyuma, akanyanyua kitambaa. Jiko la sahani mbili na mtungi!

Watu wakachungulia ndani ya kenta. Kisha Bibi Biubwa akauliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Faraji, nadhani alishachoka kuitwa majina huko Kibaha, akalinyanyua lile jiko juu mbele ya watu akasema, "Huyu hapa. Na aliyenioza ni mkuu wa shule." Raudha, watu walianguka. Bibi Biubwa akalizungushia udi hivyo hivyo, akasema hawezi kupoteza moshi wake bure, na huo ndio moshi pekee litakaouona lile jiko.

Muhogo unakwenda. Mkuu wenu nilimjibu mwenyewe, bei tumepatana wenyewe. Wiki iliyopita ilipanda, akalipa ilivyopanda, hakuna aliyeuza mbuzi. Kwangu mkaa nimebakiza debe moja la kuchomea mahindi, kwa kuwa na mimi sitaki kutegemea meli peke yake. Chai ya asubuhi natenga kwenye gesi, na leo nimeichemsha, nimeinywa, nimemaliza, ndipo nikakumbuka kwamba sijakohoa.

Jana mtungi uliishiwa kwa mapishi ya sikukuu, Faraji akaupakia kwenye bodaboda kwenda kuujaza, ukawa unayumba, akaniuliza kama nina kamba. Nikamletea ile ya katani niliyofungia nguo zangu. Akaufunga vizuri, akaivuta kuipima, akasema, "Kamba nzuri hii, ulinunulia nini?" Nikamwambia, "Safari. Nikaghairi."

Korosho zako zimo kwenye kiroba.

Wifi yako,
Hajira